Matanga ya Chaneli Arobaini na Tatu

Otilia Arreguín aliisoma barua ile mara tatu akiwa amesimama jikoni, koti hajavua, theluji inamyeyukia viatuni. Ilikuwa Ijumaa, tarehe kumi na moja Januari, mwaka 2002. Barua yenyewe ilikuwa ya Oktoba. Mama yake aliitia chini ya sanamu ya Bikira pamoja na barua nyingine zote za serikali, kwa sababu iliandikwa Kiingereza, na kwa sababu aliamini kwamba karatasi ya serikali ikilala karibu na Bikira hupungua ukali. Hii haikupungua hata chembe. Ilisema kwamba kituo cha televisheni kikinyamaza miezi kumi na miwili mfululizo, leseni yake inakufa yenyewe, bila kesi na bila onyo jingine, na haifufuki.

Otilia akahesabu kwa vidole, ingawa hakuhitaji kuhesabu. Kituo chao kilizimwa tarehe kumi na tisa Januari ya mwaka uliopita, saa kumi na moja jioni, siku aliyokufa baba yake. Basi leseni ingekufa Jumamosi ya wiki iliyofuata, saa kumi na moja jioni. Na misa ya mwaka, ile ambayo mama yake aliapa kwamba kabla yake kituo hakitatoa sauti, ilikuwa Jumapili saa nne asubuhi. Saa kumi na saba tu baina ya viwili hivyo.

"Mama," akaita. "Hebu njoo ukae."

"Nani kafa?" mama akajibu kutoka chumbani. Katika nyumba ile ndivyo walivyokuwa wakiitikia tangu mwaka jana.

Librado Arreguín, baba yake Otilia, alifika bonde la Yakima kutoka Michoacán akiwa mchuma matofaa, na alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuona televisheni mbovu akaiacha. Kambi nzima ya wachumaji ilimletea. Kisha serikali ikaanza kugawa leseni za vituo vidogo kwa kura, kama bahati nasibu ya parokia, na yeye, ambaye hata kuku wa bahati nasibu hiyo hakuwahi kumpata, akajaza fomu na kuipeleka. Miaka minne ikapita. Watu wa miji mikubwa wenye mawakili wakashindwa, na mchuma matofaa wa mji wa Donlin akapata chaneli ya arobaini na tatu. Mtambo wake, wenye mnara juu ya kilima, ulikuwa na nguvu za kuchekesha. Picha ilifika hadi kwenye kona ya mto, na ukipita nyuma ya kilima unabaki na chenga tupu. Ofisi ilikuwa duka la zamani la dobi, ambalo watu waliliita dobi tu, na mabomba yake hayakung'olewa, na mgeni aliyehojiwa mbele ya kamera alikuwa na bomba la mashine ya kufulia nyuma ya kichwa.

Lakini ndani ya kona ile ya mto hapakuwa na mtu aliyezungumza Kihispania asiyeiwasha. Huko ndiko ulikosikia shamba gani limepuliziwa sumu leo ili usiingie, tajiri gani hajalipa wachumaji wake, mtoto wa nani kapotea, maiti ya nani inachangiwa sanduku la kurudi kwao Michoacán. Na kila siku saa kumi jioni palikuwa na kipindi cha siku za kuzaliwa cha Bi Eulalia, mkewe Librado. Alisoma majina, akataniana na waliopiga simu, akamwuliza bibi wa miaka themanini kama bado anatafuta mchumba, akapiga nyimbo. Kicheko chake kilijulikana bonde zima. Watu walisema Bi Lala akicheka, matofaa yanaanguka yenyewe.

Siku ile ya Januari barafu iliganda juu ya mnara kilimani. Librado akapanda kuigonga na nyundo, peke yake, kwa sababu alikuwa mbishi na kwa sababu hakutaka kipindi cha mkewe kikatike. Alianguka saa kumi na dakika kumi. Hakufa papo hapo. Daktari alisema hivyo na ingekuwa heri angenyamaza. Alilala chini ya mnara karibu saa nzima. Mtambo haukuguswa. Uliendelea kurusha, na kilichokuwa kikirushwa juu ya kichwa chake wakati wote huo ni sauti ya mkewe akicheka. Aliyemkuta ni Nazario Cuevas, fundi wake na baba wa ubatizo wa Otilia. Nazario ndiye aliyezima.

Mbele ya jeneza Bi Eulalia aliweka mkono juu ya mbao akasema, kanisa zima likisikia: "Mwaka mzima, Librado. Mpaka misa yako ya mwaka, haitatoka sauti pale. Si yangu wala ya mtu." Hakuna aliyeshangaa. Kijijini kwao mwenye kufiwa hufunika redio kwa kitambaa cheusi, na nyumba hukaa kimya mwaka. Yeye redio yake ilikuwa kubwa kidogo, basi. Akaenda akafunika kamera zote mbili, akafunika na kipaza sauti.

Mwaka ule wa kimya haukuwa mwema. Agosti mtu mmoja alianguka kwa joto katika mashamba ya hopi, ule mmea wa kutengenezea bia, hana kitambulisho, akalala chumba cha maiti siku arobaini na mbili, na kaunti ikamzika kwa namba. Dada yake alikuwa akiishi maili nane kutoka pale. Zamani sura ya mtu yule ingetoka saa kumi na mbili jioni siku ileile. Dada alikuja mpaka mlangoni pa dobi, akasimama, akautazama mlango. Hakumlaumu mtu. Otilia alimwona kupitia dirisha, na tangu siku hiyo alianza kuhesabu siku za matanga kama mfungwa.

Kwa hiyo Ijumaa ile mama alipokaa, Otilia alimsomea barua yote, akiigeuza Kihispania mstari kwa mstari kama alivyofanya tangu ana miaka saba.

Bi Eulalia alisikiliza mpaka mwisho. "Basi tutawasha Jumapili baada ya misa," akasema.

"Jumapili itakuwa imekufa, Mama. Inakufa Jumamosi jioni."

"Kwa saa kumi na saba? Kwani serikali haina kalenda? Mwaka ni mwaka."

"Wao mwaka wao unaisha saa kumi na moja."

"Mpigie padre."

Otilia akaenda kupiga simu, akarudi. "Nimempigia. Ana makanisa matatu, Donlin huja Jumapili tu. Kasema misa haisogei."

"Basi na mimi sisogei."

"Mama, ni kazi yote ya baba hiyo!"

"Na mimi niliapa kwa nani, kwa paka?" Bi Eulalia akainuka. "We Oti usinichoshe. Baba yako alipanda mnara kwa baridi ya kuua mbwa, mimi nipo hapa chini nakenua meno. Nilimwahidi mwaka. Siwezi kumpa mwaka kasoro siku moja."

Wakagombana siku tano. Waligombana kwenye maharage, wakagombana garini, wakagombana wakati wa rozari ya siku tisa, sauti zikiwa chini, baina ya Salamu Maria moja na nyingine, majirani wakijifanya hawasikii. Bi Eulalia alikuwa jiwe. Otilia alimlilia, akamtishia, akamwambia maneno ambayo binti hamwambii mama. Akamwambia, "Unajiadhibu wewe, halafu unatuadhibu sisi sote." Bi Eulalia akajibu, "Ndiyo," kisha akaendelea kuosha vyombo.

Aliyeleta suluhu ni Nazario. Alikuja Jumatano, akakaa mezani, akala sahani mbili za nyama ya pilipili kabla ya kusema lolote, kwa maana Nazario hakujua kufikiri na njaa.

"Komadre," akasema, ndivyo wanavyoitana watu waliobatiziana watoto. "Uliapa kwamba haitatoka nini?"

"Sauti."

"Sauti. Hukuapa kuhusu picha."

Bi Eulalia akaacha kukunja kitambaa.

"Tunaweka picha ya kompadre mbele ya kamera," Nazario akaendelea. "Picha yake ile ya ofisini. Saa moja nzima, Jumamosi mchana. Mtambo unawaka, chaneli iko hewani, sheria imepata chakula chake. Sauti nafunga. Hata nzi hasikiki. Serikali inaona picha, marehemu anapata kimya chake, na mimi napata sahani ya tatu."

"Huna haya," Bi Eulalia akamwambia, na pembe ya mdomo wake ilisogea. Kisha akamaliza kukunja kitambaa chake. "Bila sauti," akasema.

"Bila sauti."

"Nipe neno lako, Nazario."

"Nimekupa."

Otilia alimbusu mama yake mikono yote miwili. Alhamisi akapiga simu kwenye ofisi ya masafa, ile ya serikali iliyotuma barua. Alisubiri dakika hamsini akisikiliza muziki, kisha mwanamume mmoja mpole akamwambia kwamba ndiyo, kituo kikirudi hewani kabla ya muda kwisha, leseni inabaki. Otilia akashukuru, akakata. Hakumwuliza kama picha isiyo na sauti inahesabiwa. Swali lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, akalimeza. Aliogopa jibu; ukweli ndio huo. Kwa siku tano alikuwa amepigania ndiyo moja, na sasa amezipata mbili, moja ya mama na moja ya serikali, hakutaka kuzigonganisha.

Jumamosi saa nane mchana Nazario akapanda kilimani kuwasha mtambo. Bi Eulalia na Otilia wakafungua dobi. Ndani palinuka panya na baridi. Mama akaondoa kitambaa kwenye kamera moja, ile ya kushoto, akaacha nyingine. Akaiweka picha ya mumewe juu ya stuli, akakifuta kioo chake kwa mkono wa sweta, akaketi kando yake, nje ya macho ya kamera, nguo nyeusi juu mpaka chini. Otilia akakaa kwenye meza ya mitambo, penye swichi ya kuuzimia mtambo wa kilimani. Mbele yake palikuwa na kipaza sauti na kitambaa chake cheusi, na chini ya kidole chake kidude cha kupandishia sauti, kimeshushwa mpaka mwisho.

Saa tisa kamili Librado Arreguín akatokea hewani, kofia ya kiangazi kichwani, jicho moja dogo kuliko jingine kwa sababu ya jua.

Simu ya mezani ikalia. Otilia akaidaka. Alikuwa Nazario, kutoka kilimani.

"Picha safi. Kompadre kapendeza, kaniudhi. Sauti hamna kabisa."

"Ndivyo tulivyokubaliana, Padrino," akasema, ndivyo alivyomwita baba yake wa ubatizo.

"Najua. Nimetoa neno." Upepo ulivuma kwenye simu. "Oti. Kwani na wewe umetoa?"

"Nini?"

"Hakuna. Nasema tu. Hata jina la kituo, mara moja, kwa ajili ya sheria."

Otilia akamtazama mama yake. Bi Eulalia alikuwa amefumba macho, midomo inasogea bila kutoa kitu, mkono mmoja uko kwenye mguu wa stuli kama anayemshika mtu asianguke. "Hapana," Otilia akanong'ona. "Ana amani. Mwache." Akaweka simu.

Bonde likaona. Hakuna aliyeambiwa, lakini nyumba nyingi ziliacha televisheni kwenye chaneli ile mwaka mzima, kwa mazoea au kwa ukaidi, na mahali penye chenga ghafla alikuwepo Librado. Baada ya nusu saa magari yakaanza kusimama nje ya dobi. Hakuna aliyebisha hodi. Wanaume walisimama kwenye theluji kofia mkononi, wanawake wamefunika watoto kwa mablanketi. Yule dada wa marehemu wa mashamba ya hopi alikuwepo pia. Otilia aliwaona kupitia dirisha akalia, na kilio chake kilikuwa cha furaha, kwa kuwa aliamini wamepona. Saa kumi kamili akazima.

Baada ya misa ya Jumapili Bi Eulalia alivua kitambaa cha kipaza sauti mwenyewe. Sauti ilimtoka kama kutu. Alisoma majina ya siku za kuzaliwa za mwaka mzima alizoacha, mia nne na kitu, akaomba radhi kwa kila mmoja. Hakucheka siku ile. Alicheka mara ya kwanza mwezi Machi, kwa bahati mbaya, mzee mmoja aliposema anatafuta mke asiyekoroma. Akajiziba mdomo, kisha akaondoa mkono. Otilia alikuwa kwenye meza ya mitambo, na alihisi kwamba kifo kimeondoka chumbani, kimechukua kofia yake kimekwenda.

Barua ya pili ilifika Mei. Safari hii haikulazwa chini ya Bikira. Bi Eulalia aliipokea kwa mtu wa posta, akaileta dobini bado imefungwa, saa kumi kasorobo. Nazario alikuwa chini ya meza akihangaika na waya. Mkanda wa nyimbo ulikuwa hewani, wa kushikilia nafasi mpaka kipindi kianze.

"Isome," mama akasema.

Otilia akasoma. Kuna kampuni ya mji mwingine, wanaouza pete na sufuria kwenye televisheni, wateja wakiagiza kwa simu, nao walikuwa wakiitamani chaneli ile. Kampuni hiyo, iliyokuwa ikingoja leseni ife, iliweka mtu Donlin wa kuirekodi chaneli Jumamosi ile ya Januari, ikapeleka mkanda serikalini pamoja na pingamizi. Serikali imeutazama mkanda. Imeona saa moja ya picha moja isiyosogea, bila sauti yoyote. Kwa kanuni zake, picha iliyoganda bila sauti ni jaribio la mtambo. Si kipindi, haihesabiwi. Kwa hiyo kituo kilinyamaza miezi kumi na miwili kamili, na leseni ilikufa Januari tarehe kumi na tisa, saa kumi na moja jioni. Vyote vilivyorushwa tangu hapo vimerushwa bila kibali. Mtambo uzimwe mara barua hii ikifika.

Otilia akakunja karatasi.

"Umeruka mstari," mama akasema.

"Sijaruka."

"Nakujua tangu una miaka saba. Ukiruka mstari unakunja karatasi haraka. Soma."

Otilia akaifungua tena. Aliusoma mstari ule wa mwisho bila kuinua macho: "Inasema, 'Tangazo lolote lenye sauti, hata kulitaja jina la kituo mara moja tu, lingetosha.'"

Nazario alitoka chini ya meza, akakaa sakafuni palepale, waya mkononi.

"Jina la kituo," Bi Eulalia akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Mara moja."

"Mama, sikiliza. Usijilaumu. Uliapa, na hakuna mtu bonde hili atakaye..." Alikuwa na maneno mengi ya kumfariji. Alikuwa ameanza kuyatafuta tangu mstari wa pili wa barua.

"Sijilaumu," Bi Eulalia akamkatiza. "Mimi niliapa kwa jeneza. Huyu Nazario alinipa neno lake nyumbani kwangu." Akamgeukia bintiye. Hapakuwa na hasira usoni mwake. Alikuwa anauliza, kama mtu anavyouliza njia. "Wewe nani alikuapisha?"

Otilia akaanza kuikunja tena karatasi.

"Uliijua sheria, mimi siijui. Kipaza sauti kilikuwa mbele yako. Mimi nimefumba macho. Ungesema, ningekupiga kibao, ningekununia mpaka Pasaka, halafu ingekwisha. Wewe nani alikuapisha, mwanangu?"

"Nilikuheshimu, Mama."

"Ndiyo," Bi Eulalia akasema. "Tulikuwa na heshima wote." Akavaa koti lake, ingawa ilikuwa Mei na nje kulikuwa na jua. Mlangoni akasimama. "Kazime. Saa kumi imefika, watu wanangoja."

Akatoka. Nazario akamfuata, akafunga mlango taratibu.

Mkanda wa nyimbo ulikuwa unakaribia mwisho. Juu ya meza kulikuwa na orodha ya leo kwa mwandiko wa mama, majina tisa. La kwanza lilikuwa la mtoto wa mwaka mmoja. Mwanga mwekundu ulikuwa unawaka na kipaza sauti kilikuwa wazi. Kuanzia kilimani hadi kwenye kona ya mto watu walikuwa wameongeza sauti, maana wimbo ulikuwa umekwisha na sasa mtu angezungumza. Otilia akasikia pumzi zake mwenyewe zikienda hewani. Akazima.